Dizeli ya mtumba, foleni ya Dar na yule kijana wa "mlete shemeji"

Kama unakaa Dar na safari zako ni nyumbani, kazini, sokoni na kanisani, usinunue dizeli ya kisasa iliyotumika, hata wakikupunguzia vipi. Hukumu yangu ndo hiyo, mwenye haraka aishie hapo. Aliyebaki anisikilize maana nina jambo na kijana mmoja wa yadi, na yadi yenyewe siitaji, nyie jueni tu ni zile za kando ya barabara kubwa magari yamepigwa polishi mpaka yanaumiza macho.

Mi nilikuwa nataka gari ya kunusa mafuta basi. Nakaa Mbezi ya Kimara, kazi Posta, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wasimamizi wa mafuta wa serikali, wakitoa bei kikomo ya mafuta nilikuwa nasoma kama mtu anasoma matokeo ya mtoto. Kaka yangu akanambia chukua dizeli, na kwa hesabu hakosei, lita moja ya dizeli ina nguvu zaidi ya lita ya petroli kwa kama asilimia 10 hivi na injini yake inaitumia vizuri zaidi, kwa hiyo hata miezi ile dizeli inapoipita petroli kwa bei bado unaweza kutoka na nafuu. Mzee wetu enzi hizo alikuwa na Corolla ya dizeli, ile ya injini ya 2C, ilikuwa inatoa moshi mweusi kila akikanyaga na inapiga kelele mtaa mzima unajua mzee karudi, lakini tenki lilikuwa haliishi! Nikasema ngoja nitafute kama ile.

Zile hakuna. Yaani zilizobaki zimechoka, injini imefunguliwa na kila fundi wa gereji za mtaa wa Gerezani, na ukiangalia za kuanzia miaka ya 2003 kuja juu dizeli ndogo kutoka Japani unazihesabu. Nikaja kujua kwa nini. Kule Tokyo gavana wao Ishihara mwaka 1999 alisimama mbele ya waandishi na chupa ya plastiki ina masizi ya dizeli, akawatikisia, na kufika Oktoba 2003 malori na mabasi machafu yakapigwa marufuku kuingia mjini. Dizeli ikawa na jina baya, kampuni zikaacha kuuza gari ndogo za dizeli kwao. Zilivyorudi, miaka ya 2008 mpaka 2012 hivi, zikarudi na chujio la masizi kwenye ekzosi, hiyo DPF mnayoisikia. Kwa hiyo dizeli ya kisasa na ile ya mzee ni vitu viwili tofauti kabisa, na hili ndo hakuna anayekwambia yadi, wanakwambia tu "dada hii inanusa".

Sasa nije kwa huyo kijana.

Gari yenyewe SUV ndogo, nyeupe, safi, injini ya lita 2.2. Mi si mtu wa kununua kwa rangi, nilikuwa nimesoma. Nikainama nyuma nikapitisha tishu ndani ya bomba la ekzosi, ikatoka safi. Kwa wasiojua, dizeli yenye chujio zima bomba lake halina masizi, ukikuta jeusi tii ujue chujio limetobolewa au limepasuka. Kijana akacheka, akamwita mwenzake, "njoo umuone anti anafuta ekzosi". Nikanyamaza. Nikaomba ile karatasi ya mnada ya Japani nione gredi na kilomita, akasema imebaki kwa wakala bandarini. Nikagusa boneti, ya moto, wakati nilipiga simu asubuhi nikaomba wasiiwashe kabla sijafika. Nikaona saa ya kwenye dashibodi imerudi mwanzo kabisa, nikauliza mbona, akasema betri ilikuwa dauni gari imekaa. Nikauliza swali langu la mwisho kwa upole kabisa, kaka, hili chujio limewahi kusafishwa au kuchomwa, na imekuwa ikiwekwa oili gani? Akaniangalia juu mpaka chini akasema, nanukuu, "Dada, we mlete shemeji tuongee nae haya mambo ya injini, we angalia rangi na siti."

Shemeji! Mi hela nimeitafuta mwenyewe, shemeji wa nani? Na sio kwamba kasema kwa ubaya, katabasamu kabisa, tena kaniletea maji baridi, na hilo ndo linaniuma mpaka leo, maana mtu akikutukana unajibu, huyu kanipa maji.

Mnaniuliza kwa nini nilinunua. Kwa sababu bosi wake alikuja, mzee mstaarabu, akanionesha karatasi za forodha, akapunguza bei, na gari nilipoiendesha ilivuta vizuri mno, ule mvuto wa dizeli ukikanyaga kidogo tu unasukumwa kwenye siti. Na bei ilikuwa nzuri ukizingatia kwamba sisi huku gari ya umri wowote inaingia, sio kama majirani Kenya wenye mwisho wa miaka 8, ila TRA wanakukamua ushuru wa uchakavu. Ushuru wote ulikuwa ushalipwa. Nikalipa.

Mwanzo raha. Siwezi kudanganya, ilikuwa raha, tenki linakaa mpaka unasahau sheli iko upande gani. Nikawa nawasifia watu ofisini, mwenzangu mmoja nae akaanza kutafuta.

Halafu ikaja siku ile. Natoka mjini jioni, mvua, foleni imeanzia Magomeni, mwendokasi wanapita pembeni wanatuangalia. Kuna taa ndogo imewaka dashibodini tangu asubuhi, ya rangi ya njano, nikasema nitapita gereji Jumamosi. Napanda daraja la Kijazi pale Ubungo gari ikakata nguvu. Haikuzima, ingezima ningejua moja, ilikuwa inaunguruma tu haipandi, nakanyaga mpaka mwisho inakwenda kama mtu anayeenda kudaiwa. Nyuma yangu kuna lori la mchanga linapiga honi, konda wa daladala ananiambia "mama weka gia", gari yenyewe otomatiki. Taa ya chujio inapepesa, taa ya injini imewaka, kila kitu kinawaka isipokuwa mguu wangu wa kulia. Nikafika nyumbani usiku kwa mwendo wa bajaji mbovu.

Kesho yake nikampigia yule kijana, namba yake ndo niliyokuwa nayo. Nikamweleza. Akauliza, "Dada ulikuwa unaiendeshaje?" Nikasema kama gari. Akasema hizi gari hazitaki kuendeshwa kike, zinataka mwanaume azikanyage.

Nilikata simu maana ningesema maneno ambayo sio ya mama wa Jumuiya.

Na sasa kinachonichefua zaidi ni kwamba kaongea upumbavu lakini ndani yake kuna kipande cha ukweli, na angekisema kile kipande siku ile nilipomuuliza, bila kike bila kiume, mi nisingenunua. Fundi wa Sinza, mtu mzima, mtaratibu, alichomeka kompyuta akanionesha. Chujio linakusanya masizi, likifika kiwango gari inayachoma yenyewe, kompyuta inaongeza dizeli kwa kuchelewa ili iende kuungulia kwenye ekzosi huko, joto linafika kama nyuzi 600. Ila inataka mwendo mzuri usiokatika, dakika kumi na tano, ishirini, barabara nyeupe. Sasa we uko Kimara unasogea mita mbili unasimama, inaanza kuchoma, unafika nyumbani unazima. Kesho inaanza tena unazima. Masizi hayajaisha na ile dizeli ya ziada inateremka kwenye oili. Akachomoa kijiti cha oili, imepita alama ya juu kabisa! Mi nimezoea kuona oili inapungua, hii imeongezeka, na ukiinusa ni dizeli. Oili ikiwa nyepesi hivyo injini inajisaga. Halafu akanambia hitilafu zilikuwa zimefutwa kwenye kompyuta siku si nyingi kabla sijainunua. Betri ilikuwa dauni eh? Kumbe ndo maana na saa ilirudi mwanzo. Haya.

Kuna kingine nilikuwa nimekisoma juu juu akanifafanulia vizuri, naona watu wengi hawakijui. Masizi yanaungua, majivu hayaungui. Majivu yanatoka kwenye oili yenyewe, kwa hiyo ukiweka oili ya kawaida ya lori kwenye gari yenye chujio, unaliziba taratibu na hakuna kuchoma kutakakolisaidia, mpaka lishushwe lioshwe au linunuliwe jipya. Kuna oili zake zenye majivu kidogo, Wajapani wanaandika DL-1 kwenye kopo, nyingine zimeandikwa C3, soma kitabu cha gari yako inataka ipi. Ndo maana nilimuuliza yule mtoto oili. NDO MAANA. Akanambia niangalie siti.

Gereji nyingine niliyoulizia bei wao wakasema tutoe masega ya ndani ya chujio tu, tunatoboa tunafuta kwenye kompyuta, unasahau kabisa. Wengi wamefanya na gari zinatembea. Mi nimekataa, mama yangu ana pumu na gari analipanda yeye, siwezi kumpakia mama halafu nimpulizie masizi watoto wa jirani kila nikiwasha asubuhi. Kingine watu wanasema ni dizeli yetu chafu. Sio sana siku hizi, tangu 2015 Afrika Mashariki tumekubaliana salfa isizidi sehemu 50 kwa milioni, Japani wao ni 10, kwa hiyo tofauti ipo ila kilichoniua mi ni foleni na mtu aliyefuta hitilafu kwenye kompyuta.

Chujio lilishushwa likaoshwa, oili ikabadilishwa, kuna sensa moja nayo ikabadilishwa, hela iliyotoka siisemi maana kaka yangu anaweza kusoma hapa. Fundi akasema kila baada ya muda ipeleke barabara kuu, itembee. Nikaipeleka Morogoro.

Jamani.

Kutoka pale Kibaha kuendelea ile gari ni nyingine. Inalala barabarani, kimya, unapita lori kwenye kilima hata huhisi, na nilipojaza full tenki kurudi nikapiga hesabu ikaja kilomita 16 na ushee kwa lita moja, SUV hiyo, mjini inashuka mpaka 9. Nikajikuta nacheka peke yangu. Tatizo la kwetu ni kwamba kila kijiji kina kibao cha 50 na nyuma ya mwembe kuna afande na tochi ya kupima spidi, kwa hiyo hiyo dakika ishirini isiyokatika uipate wapi? Ukianza kuchoma masizi Mlandizi umefika kibao. Nimekula faini mbili za kusafisha chujio, na afande hukumueleza DPF akakuelewa.

Kwa hiyo nairekebisha ile hukumu yangu ya juu. Gari sio mbaya, gari ni nzuri sana, na anayeenda Dodoma na kurudi kila wiki au ana shamba Dumila aichukue, ataninunulia soda. Ila aipime kwa kompyuta kwanza na aione mwenyewe asubuhi ikiwa ya baridi, na kama saa ya dashibodi imerudi mwanzo aulize mara mbili. Anayetaka ya mjini achukue petroli ndogo ya 1.3 alale usingizi.

Halafu nikikumbuka yale maji baridi nabadilika tena, nasema hapana, msinunue yoyote, pandeni mwendokasi.

Yangu naiuza, ina chujio safi na risiti za oili zote zipo, na mteja akitaka kufuta ekzosi na tishu nampa tishu mimi. Wa Dodoma, Singida, Iringa karibuni. Wa Dar asinipigie.