Betri mpya iliyokuwa ikiisha chaji: uzoefu wangu kwa fundi umeme wa Tabata

Kwa muda wa miezi miwili gari langu, Toyota IST, liligoma kuwaka kila nilipoliacha nyumbani Sinza, Dar es Salaam, zaidi ya siku tatu. Duka la betri la Kariakoo nililoliendea kwanza halikupima chochote: muuzaji aliuliza umri wa betri, akasikia ni miaka miwili, akanifungia betri mpya aina ya NS60 ya Ah 45 (ampea-saa, yaani ampea moja kwa saa 45) kwa shilingi 190,000 na kubaki na ile ya zamani. Wiki tatu baadaye nilirudi kutoka Morogoro nilikokaa siku nne, nikakuta hata taa ya ndani haiwaki, na kwa kuwa gari la gia otomatiki halisukumwi likawaka, ilinibidi nimgongee jirani hodi anisaidie kubusti, yaani kuliwasha kwa umeme wa betri ya gari lake. Dukani walinijibu kwamba waranti haihusu betri iliyoachwa ikaisha chaji.

Fundi umeme wa magari niliyeelekezwa Tabata alitoa mita kabla ya kushika spana. Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.1, ilhali iliyojaa husoma karibu 12.6, injini ilipowaka ilipanda hadi 14.2, na hata taa na AC zilipowashwa pamoja haikushuka chini ya 13.8.

"Altaneta yako inachaji vizuri, kaka," alisema, akimaanisha jenereta ya gari inayochaji betri injini ikiwaka. "Kuna kitu kinakula umeme gari likiwa limezimwa."

Alifungua waya wa hasi, akaiunganisha mita katikati ya waya huo na betri, kisha akakibana kitasa cha mlango kwa bisibisi ili gari lidhani mlango umefungwa, tukakaa nusu saa tukisubiri mifumo yote ilale. Mita iligota kwenye ampea 0.42, wakati gari zima halipaswi kuvuta zaidi ya 0.05 au hapo jirani. Alichomoa fyuzi moja baada ya nyingine, za ndani na za kwenye boneti, bila namba kubadilika, hadi alipoufuata waya mwekundu uliotoka moja kwa moja kwenye betri kwenda chini ya kiti. Alipochomoa fyuzi yake, mita ilishuka hadi 0.03. Ilikuwa amplifaya ya muziki niliyofungiwa mwaka jana, ambayo waya wake wa kuiamsha uliunganishwa kwenye umeme usiokatika badala ya ule wa swichi, hivyo ilikesha kila siku. Niliigusa, nikaikuta ina uvuguvugu. Ukizidisha 0.42 kwa saa 96 za safari yangu unapata Ah 40 kati ya 45, na sihitaji tena kuelezwa kwa nini gari liligoma.

Kurekebisha waya kulichukua dakika kumi na gharama yote ilikuwa shilingi 35,000, ingawa nilingoja foleni tangu saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana kwenye benchi lisilo na kivuli, na risiti sikupewa. Alibaki na betri usiku kucha ili aichaji polepole, kwa maelezo kwamba kuimaliza chaji mara kwa mara hugandisha chumvi ya salfeti kwenye sahani za risasi zilizo ndani yake na kupunguza kiasi cha chaji inachoweza kubeba. Hilo nimeliona: baada ya gari kukaa siku tano liliwaka mara moja, lakini betri yenye umri wa miezi miwili inasoma 12.4.