Redio kaseti ya kurekodia niliyonunua Tabora: uzoefu wangu

Naanza na jibu kwa wenye haraka. Kama nyumbani kwenu kuna kaseti zenye sauti za watu wenu, tafuta redio kaseti ya zamani uinunue mwaka huu huu. Mashine nzima zinazidi kuadimika, mafundi wanaozijua wanazeeka, na utepe nao unaharibika hukohuko kabatini ulikotulia. Yangu nimeinunua shilingi 60,000 ikiwa mbovu, nikamlipa fundi 25,000 juu yake, na kwa kazi niliyoitaka sijutii hata senti.

Ni ile yenye spika moja, mshikio wa kubebea juu, mlango wa kaseti mbele, na maiki ndogo iliyojificha kwenye tundu pembeni. Nembo ya kampuni imeshabanduka, imebaki alama ya gundi tu. Chini imeandikwa kwamba imetengenezwa Japani. Inakula umeme wa ukutani au betri sita kubwa. Redio yake inashika masafa ya kati na masafa mafupi, lakini sikuinunua kwa ajili ya redio.

Niliinunua kwa sababu ya kopo. Shangazi yangu alikuwa ametunza kopo la maziwa ya unga lililojaa kaseti, na alipohamia kwa mwanawe akanikabidhi mimi. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mfanyakazi wa reli Kigoma. Mama yake, yaani bibi yangu, alikaa hapa Tabora, Isevya. Bibi hakujua kusoma. Barua ya karatasi ilimfikia kwa mdomo wa mtu mwingine, mara mjukuu, mara jirani, na mambo ya ndani yakishapita kwa msomaji yameshakuwa ya mtaa. Mtoto hajatuma hela, mkwe kagomba, nani anaumwa ugonjwa gani: yote msomaji anayajua kabla ya mwenye barua.

Kaseti ilimtoa mtu wa katikati. Baba alirekodi Kigoma, akampa mtu anayepanda treni, kilomita zipatazo 400 kupitia Uvinza, Kaliua na Urambo, na bibi akabonyeza kitufe mwenyewe mlango ukiwa umefungwa. Kisha akabonyeza viwili kwa pamoja, kile cha kuchezea na kile chekundu, akajibu. Wengi tuliokulia Tabora na Kigoma tumeziona kaseti hizi zikisafiri, na naona hatujazipa heshima yake. Tunapokumbuka kaseti tunakumbuka muziki: kusubiri wimbo redioni kidole kikiwa kwenye kitufe, kuombea mtangazaji wa RTD, yaani Redio Tanzania Dar es Salaam, asiongee juu yake, kurudisha utepe kwa kalamu ili betri zisiishe. Hayo nayo nayapenda. Tabora ilikuwa na bendi zake, Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz, Kiko Kids, na nyumba zilizokuwa na kaseti zao zilijulikana. Ila kwangu kazi kubwa ya mashine hii ilikuwa kumpa mtu asiyejua kuandika uwezo wa kutuma maneno yake mwenyewe, bila mtu kuyanyoosha wala kuyapunguza.

Hilo lisingewezekana kwa vinasa sauti vya kabla yake. Vya nyumbani vilikuwa vya utepe wa kwenye magurudumu mawili ya wazi, unaupitisha kwa mkono katikati ya hedi, kile kichwa kinachonasa na kusoma sauti kwenye utepe, na viringi, ukikosea unamwagika sakafuni. Philips walionyesha kaseti yao Berlin mwaka 1963. Mhandisi Mholanzi aliyeongoza kazi hiyo, Lou Ottens, alitaka kitu cha kuingia mfukoni, na inasimuliwa kwamba alibeba kipande cha mbao kilichokatwa kulingana na mfuko wa koti lake ili wenzake wakione kipimo. Utepe ukawa na upana wa milimita 3.81 tu, unatembea sentimita 4.76 kwa sekunde, umefungiwa ndani ya kasha usiloweza kulitumbukiza vibaya. Halafu Philips wakaruhusu kampuni nyingine zitengeneze bila kuwatoza ada, Wajapani wakazitengeneza kwa wingi, na ndivyo moja ilivyomfikia mama wa Isevya ambaye hajawahi kushika kalamu.

Sasa mashine yenyewe. Ukienda kununua, nenda na kaseti yako, tena ile usiyoihurumia, kwa sababu mashine iliyokaa muda mrefu inaweza kuitafuna. Mota ikizunguka bila magurudumu kusogea, mkanda wa mpira wa ndani umekufa. Hilo lisikutishe, kwa umri huu ni kawaida kwa mashine ya kampuni yoyote. Wa kwangu ulikuwa umeyeyuka ukawa kama lami, fundi akaukwangua kwa kijiti na pamba, akafunga mwingine alioutoa kwenye deki mbovu ya video. Kinachopaswa kukutisha ni hedi iliyolika. Fungua mlango, washa tochi ya simu, tazama uso wa hedi: ukiona mfereji pale utepe unapopita, iache. Angalia pia kiringi cha mpira kinachosukuma utepe. Kikiwa kigumu na kinang'aa, sauti itayumba, na huyo unayemsikiliza ataongea kama mlevi.

Hedi nilisafisha kwa pamba na spiriti ya duka la dawa. Pamba ilitoka ya kahawia, ikawekwa nyingine, ikatoka ya kahawia tena. Kiringi cha mpira nikakifuta kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, maana spiriti hukausha mpira. Kisha fundi akanionyesha kitu ambacho peke yake naona kilistahili pesa yangu yote. Pembeni ya hedi kuna skrubu ndogo. Kaseti ikiwa inacheza, aliizungusha kwa bisibisi nyembamba, robo ya mzunguko huku, robo kule, na sauti ya bibi iliyokuwa imezibwa ikafunguka, herufi za s na f zikasikika. Sababu ni kwamba hedi lazima isimame wima juu ya utepe kwa pembe ileile iliyorekodiwa. Kila mashine ina ulalo wake kidogo, kwa hiyo kaseti ya mashine moja ikichezwa kwenye nyingine hupoteza sauti kali za juu. Wengi wanadhani kaseti imechakaa, wanaitupa, kumbe ni skrubu.

Ubora wa sauti kwa muziki ni wa kawaida, tena chini ya kawaida. Spika moja, mlio wa chini mdogo, mchirizo wa utepe, ule mlio wa "shhh", upo muda wote. Anayetafuta mashine ya kupigia dansi la zamani sebuleni atafute deki kubwa na spika zake.

Kwa sauti ya mtu akiongea, mambo ni mengine kabisa, na hapa nataka nikae kidogo. Redio kaseti nyingi za nyumbani zina sakiti inayorekebisha nguvu ya kurekodi yenyewe. Mtu akiongea kwa nguvu, inapunguza. Pakiwa kimya, inaongeza, inatafuta chochote cha kushika. Wataalamu wa sauti hawaipendi. Mimi naishukuru, na sababu ni hii.

Bibi anaanza kaseti kwa kusalimia Kinyamwezi, "Mwangaluka, mwanangu," halafu ananyamaza. Ananyamaza kwa sababu anamwachia mtoto nafasi ya kuitikia. Mtoto yuko Kigoma, ataisikia kesho kutwa, lakini salamu ni salamu, haiwezekani umsalimie mtu usimpe muda wa kujibu. Katika ule ukimya mashine inaanza kuinua sauti. Unasikia kwanza mchirizo unapanda, kisha kuku, kisha mchi kwenye kinu, mtu anatwanga mbali kidogo na anazidi kusogea, kisha sauti ya mtoto anayeulizwa ameuweka wapi ufagio. Ua zima la Isevya linaingia ndani ya chumba. Halafu bibi anasema "Sasa..." na hilo neno moja linalipuka kwa nguvu kuliko yote, kwa sababu mashine ilikuwa imefungua masikio mpaka mwisho, inashtuka, inapunguza, ua linarudi nyuma, tunabaki na bibi. Baada ya kila salamu ni hivyohivyo. Anamuuliza hali ya mke wake, ananyamaza, kinu kinapanda. Anamuuliza hali ya watoto, ananyamaza, kinu kinapanda. Mmoja wa watoto hao ni mimi, na nimeitikia kila mara.

Simu yangu isingenipa hilo. Ukirekodi ujumbe wa sauti kwa simu za siku hizi, programu nyingi hujitahidi kuondoa kelele za nyuma ili abaki msemaji peke yake. Inafaa kwa kuagiza mchele. Kwa mtu ambaye hutamsikia tena, hizo kelele ndiyo nyumba yake.

Kuna jambo jingine ambalo ukiwa na kaseti za namna hii lazima ulijue, maana linauma. Miaka ya mwanzoni ya themanini, baada ya vita vya Kagera, bidhaa za dukani zilikuwa shida, na kaseti tupu haikupatikana hovyo. Kwa hiyo kaseti ileile ilikwenda na kurudi. Baba anarekodi, bibi anasikiliza, kisha anarekodi jibu lake juu ya maneno ya baba, anairudisha. Kabla utepe haujafika kwenye hedi ya kurekodi hupita kwanza kwenye hedi ya kufutia, na kilichopita hapo hakirudi. Ndiyo maana kopo zima limejaa bibi. Baba amebaki kwenye mikia: pale bibi anapomaliza na kubonyeza kitufe cha kusimamisha, baada ya mlio wa "tak", mwanaume anatokea katikati ya sentensi, anaelekeza jinsi ya kulipa kodi ya kiwanja, au anamaliza kuaga. Kwenye kaseti moja mkia wake ni mrefu, anasema samaki wamekuwa ghali Mwanga, ile ya Kigoma mjini, na kwamba atatuma dagaa kwa mtu wa behewa la tatu. Kwa hiyo usisimamishe kaseti mtu anapoaga. Iache iende mpaka utepe ugote, pande zote mbili. Nyumba nyingi zina watu waliobaki kwenye mikia ya kaseti na hazijui.

Na kabla hujaweka kaseti yoyote ya thamani kwenye mashine, vunja vijino viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwake. Kila kimoja kinalinda upande wake. Kikivunjika, kitufe chekundu hakiendi chini. Anayetaka kurekodi tena siku nyingine huziba tundu kwa selotepu, lakini kwa kaseti za wazee sioni sababu ya kufanya hivyo.

Kasoro nilizokutana nazo ni chache. Kile kipande kidogo cha kitambaa kinachobana utepe kwenye hedi, kilichokaa juu ya kijisahani chembamba cha shaba ndani ya kaseti, kilikuwa kimebanduka kwenye kaseti kadhaa, na bila hicho sauti inakuja na kupotea. Nilikirudisha kwa tone dogo la gundi, dogo kabisa. Kaseti zilizofungwa kwa skrubu ni rahisi, zilizogandishwa zinahitaji wembe na roho ngumu. C-60, yenye dakika 30 kila upande, zimedumu vizuri. C-90 utepe wake ni mwembamba zaidi, na ndizo zilizokunjamana. Kwenye baadhi utasikia neno kwa mbali sana sekunde moja au mbili kabla halijasemwa. Usidhani ni mzimu, ni utepe uliokaa umejikunja miaka mingi, safu moja imeiambukiza nyingine.

Kuhamishia kwenye kompyuta nilitumia waya kutoka tundu la spika za masikioni, nikarekodi bila kubana faili, sauti ya mashine ikiwa katikati. Kila kaseti inachukua muda wake kamili, haiharakishwi, na hilo ni zuri, maana unalazimika kukaa na kusikiliza. Shangazi alikuja kukaa nami jioni. Alikuwa akiitikia bila kujua kama anaitikia, "eeh mayu," yaani ndiyo mama, na mara moja akaniambia nisimamishe akaenda nje.

Faili nimezituma kwenye kundi la familia, na sasa kuna mabishano. Binamu yangu wa Ujiji anasema kicheko cha mtoto upande B wa kaseti ya dagaa ni chake. Shangazi anasema hapana, ni cha marehemu mdogo wake yeye Shangazi, huyo binamu alikuwa hajazaliwa. Nimewaahidi kurekodi upya kipande hicho baada ya kugusa tena ile skrubu. Zimebaki kaseti zilizoota ukungu mweupe pembeni mwa utepe. Hizo fundi amenikataza kuzicheza kabla hajazifungua na kuzifuta, kwa sababu ukungu ukiingia kwenye hedi utahamia kwenye nyingine zote, na ameniwekea Jumamosi.