Maji au ethanoli: kipi kitoe dawa kwenye majani?

Kwa gharama, maji hayana mpinzani, nayo huvuta vizuri tanini (kemikali chachu za mmea) na sukari. Lakini ukiiacha chupa mezani siku mbili, mchujo huanza kuchacha, na kuukausha huchosha. Ethanoli, aina ya alkoholi, huchemka kwa nyuzi 78 tu, huzuia ukungu, na huvuta hata viambata (kemikali za mmea) visivyopenda maji, ingawa ni ghali na hushika moto upesi. Artemisinini, dawa ya malaria itokayo kwenye mmea wa pakanga, huyeyuka majini kwa shida. Mwaka 1971 mwanasayansi Tu Youyou wa China alifanikiwa kuivuta kwa etha, kimiminika kingine cha kuyeyushia, bila joto kali. Hata hivyo, anayechunguza dawa ya mganga aanze na maji, kwani ndiyo anayokunywa mgonjwa. Anayesaka kiambata kipya ataona ethanoli inamfaa zaidi.