Fedha za usafiri: kuomba kwa kifurushi au mradi mmoja mmoja?

Kwa gharama, kifurushi, yaani miradi kadhaa katika ombi moja, kinashinda. Barabara, mitaro, njia za waenda kwa miguu na vituo vya basi vikiombewa fedha pamoja, mkandarasi huchimba mara moja tu. Vikiombewa kimoja kimoja, lami mpya hupasuliwa ili mtaro upite, na nani hajauona upuuzi huo?

Kwa uhakika wa kumaliza, mambo hugeuka. Fidia ya kiwanja kimoja ikikwama, kifurushi kizima husubiri, ilhali mradi wa taa za barabarani pekee ungekuwa umeshawaka.

Matunzo husahaulika kote, ingawa kifurushi ni rahisi kukitengea fungu tangu mwanzo.

Kazi zenu zinagusana, na wahandisi mnao? Fungeni pamoja. Ofisi ina watu wachache na daraja limebomoka? Ombeni fedha za daraja tu.