Amplifaya ya Marekani, stima ya Lamu: pesa utoe kwa kitu gani kwanza?

Mzigo wa jamaa aliyeko Marekani ukishateremshwa Mokowe na kuvuka kwa mashua hadi Amu, yaani mji wa Lamu, kitu cha kwanza watu kutazama ni plagi. Ile ya meno mawili bapa haiingii kwenye soketi zetu, basi anatumwa mtu dukani akalete adapta ya plagi, na vifaa vingi huungua siku hiyo hiyo. Adapta ya plagi hubadilisha umbo la meno tu, stima inapita vilevile ilivyo. Ya Kenya ni volti 240, hezi 50 (hezi ni mara ngapi stima inapishana kwa sekunde). Ya Marekani ni volti 120, hezi 60. Amplifaya ya 120 ikipewa 240, ukibahatika fyuzi itakatika mapema. Usipobahatika, transfoma ya ndani itaungua na kapasita, vile vihifadhi chaji, zitapasuka.

Kwa hivyo kabla hujatoa hata shilingi, geuza kifaa usome kibandiko cha nyuma. Kikisema 100–240V, 50/60Hz, huna shida: tafuta plagi ya pini tatu yenye fyuzi, umemaliza. Spika nyingi za bluetooth, kompyuta za kurekodia na miksa za siku hizi ziko hivyo. Vitu vya Dubai, Omani na Ulaya navyo havina neno. Malindi utapata spika na amplifaya zilizotumika nyumbani kwa Waitaliano. Italia ni volti 230, hezi 50, unabadilisha plagi tu. Kama hujanunua bado na una hiari, mimi ningekushauri uanzie hapo, uachane na habari za kushusha volti kabisa.

Sasa, kifaa kikiwa tayari ni cha 120 pekee, mpangilio wangu ni huu.

Chaguo la kwanza ni kununua adapta mpya, ikiwa kifaa kinatumia adapta ya nje, kile kisanduku cheusi cha kwenye waya. Vinanda na miksa ndogo nyingi ni za namna hii. Bei ni ndogo, na sauti haiguswi. Lakini linganisha kwa makini: volti za kutoka ziwe sawasawa na za ile ya zamani, ampea ziwe sawa au zaidi, na chanya na hasi ya ncha zisipishane. Angalia pia alama iliyo kando ya volti za kutoka. Mstari wenye vitone chini yake ni stima ya upande mmoja kama ya betri. Kiwimbi ni stima ya kupishana kama ya ukutani. Kuna miksa zinazotaka ya kiwimbi, na ukizipa ile nyingine hazitafanya kazi.

La pili, swichi ya volti. Amplifaya nyingi za jukwaani zina kiswichi chekundu nyuma, 115 na 230. Chomoa waya, sukuma kwa bisibisi bapa mpaka 230 isomeke wazi, kisha badilisha fyuzi, maana kwenye 230 kifaa huvuta nusu ya ampea na kibandiko huonyesha fyuzi ya kila upande. Watu husahau fyuzi. Ile kubwa ikibaki, siku ya hitilafu haitakatika kwa wakati. Nyingine hazina swichi lakini transfoma ya ndani ina koili mbili zinazoweza kuungwa upya; hiyo ni kazi ya fundi mwenye mchoro wa kifaa, si ya kubahatisha.

La tatu ni transfoma ya kushusha volti. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Soma wati ambazo amplifaya *inakula*, zilizo kwenye kibandiko karibu na waya wa stima, wala usifuate zile 1000 zilizochorwa mbele ya spika. Kisha nunua transfoma ya mara mbili yake: amplifaya inayokula wati 300 ipate ya 600 au zaidi, kwa sababu ngoma na besi huvuta kwa mkupuo, na wati zinazoandikwa kwenye zile za bei rahisi mara nyingi ni za dakika chache. Iinue kwa mkono. Transfoma halisi ni nzito, ina chuma na shaba ndani.

Pima kwa mita kabla ya kuunganisha. Transfoma ya 220 kwa 110 ikipata 240 yetu hutoa 120, na kwa kifaa cha Marekani hiyo ni sawa kabisa. Kwa kifaa cha Japani, ambako stima ni volti 100, imezidi kwa asilimia 20. Tafuta iliyoandikwa 100. Jambo jingine, hakikisha soketi yake ya kutolea ina waya wa ardhi uliofika kweli. Bila huo, mwimbaji wa kasida anaweza kupigwa na stima mdomoni akigusa maikrofoni. Kwa hili sikubali mtu aseme "tutaona".

Vile vigeuzi vyepesi vya msafiri, vinavyojisifu wati 1600 na vinatosha kiganjani, usinunue kwa kazi ya sauti. Vimetengenezwa kwa pasi na vikausha nywele, huikata stima vipande, na amplifaya italia mvumo au kuungua. Stabilaiza, kile kifaa cha kutuliza volti, nayo ni kitu kizuri kwa stima yetu inayopanda na kushuka, lakini ya kawaida hutoa 240, haikupi 120.

Hakuna transfoma inayobadilisha hezi. Amplifaya nyingi huvumilia, ila hupata joto zaidi, basi ziachie nafasi ya hewa. Mashine ya santuri yenye mota inayofuata hezi haivumilii: ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika itazunguka kama 28 na sauti ya mwimbaji itazama, mpaka ubadilishe puli, kile kigurudumu cha mota. Na redio ya Japani, hata ukiipa volti sahihi, FM yake ya kale ni 76 hadi 90, wakati stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Inunue kwa ajili ya amplifaya yake tu.