Bluesky kwa Mtafiti wa Bahari: Tathmini kutoka Malindi

Tangu mtandao wa kijamii wa Bluesky ulipofunguliwa kwa watu wote Februari 2024, baada ya muda mrefu wa kuingia kwa mwaliko, watafiti wengi wamehamia huko kutoka X (zamani Twitter), na mimi ninayefuatilia matumbawe ya Malindi ni mmoja wao. Nauona kuwa chombo kizuri cha kazi, ila si kwa kila hadhira.

Ubora wake mkubwa ni utambulisho. Taasisi yenye tovuti inaweza kuifanya anwani yake kuwa sehemu ya jina la mtumiaji, hivyo msomaji akajua kwamba anayeeleza habari za kupauka kwa matumbawe, yaani kupoteza rangi maji ya bahari yanapopata joto kupita kiasi, anatoka katika taasisi hiyo kweli, wala hakujipachika cheo. Tena watumiaji hujitengenezea mikondo ya machapisho kwa mada, jambo lenye manufaa makubwa kwetu: ilipotangazwa Aprili 2024 kwamba matumbawe ya dunia yanapauka kwa mara ya nne, aliyeko Malindi alihitaji habari za Australia na Karibi siku hiyo hiyo, si mwaka mmoja baadaye jaridani.

Kikomo cha herufi 300 kinabana. Kusema kwamba matope ya mto Sabaki yanayadhuru matumbawe ni rahisi; kueleza ni msimu gani na ni aina zipi zinazostahimili kunahitaji machapisho kadhaa yaliyounganishwa, na wengi husoma la kwanza tu. Kwa hiyo matokeo na mipaka yake viwekwe pamoja hapo mwanzoni, pamoja na kiungo cha makala chenye namba ya DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha makala hiyo mtandaoni. Picha nazo ziandikiwe maelezo kwa ajili ya wasioona, na picha za viota vya kasa zisitaje kamwe mahali vilipo.

Upungufu unaonigusa zaidi ni kwamba wavuvi wetu na manahodha wa boti za watalii hawako huko. Wako WhatsApp na Facebook, na ujumbe wa sauti kwa Kiswahili huwafikia upesi zaidi. Mtafiti anayepongezwa na wenzake wa ng'ambo, ilhali nahodha aliyempeleka mwambani hajaelezwa kilichoonekana, bado hajatoa ripoti yake.

Kujiunga ni bure, na ukizima video zisijicheze zenyewe bando halitakwisha haraka.