Kuongoza ndege ukiwa nyumbani Lubumbashi: programu ipi ununue kwanza

Karibu kila anayeniuliza kuhusu programu za kuigiza kazi ya mwongoza ndege huwa ameshaona video ya mnara wa uwanja wa ndege: vioo pande zote, ndege zimejipanga chini kama malori ya mpakani Kasumbalesa, na mtu mmoja anasema kwa sauti ya upole, zinamtii. Anataka hiyo hiyo. Anauliza bei. Mimi namrudishia swali: mashine yako ina kibodi gani? Anadhani namkwepa.

Simkwepi. Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa hapa mjini zilitoka Ubelgiji na Ufaransa, kibodi zake ni AZERTY, na kwenye AZERTY huandiki tarakimu ya safu ya juu mpaka ubonyeze Maj (ile Shift ya Kiingereza). Sasa kazi ya mwongoza ndege ni tarakimu tupu: mwelekeo 070, futi 6,000, mwendo 180. Ndege nane zikikuzunguka huku kidole kidogo kimekwama kwenye Maj, utaacha mchezo huu siku ya tatu ukidhani huna kipaji. Kwa hiyo ukinunua mashine, tafuta yenye kibao cha tarakimu upande wa kulia. Kama unayo tayari isiyo nacho, kibao cha nje cha USB ni kitu kidogo, na kitakufaa kuliko programu yoyote nitakayoitaja hapa chini.

(Neno kwa wasomaji wa Dar na Mombasa: "kununua" nimeandika kwa ajili yenu. Kwetu Lubumbashi mtu "anauza" kitu akiwa na maana ya kukinunua, na mwenye duka ndiye "anauzisha". Ukisikia mtaani "nauza programu", usitoe pesa kabla ya kujua anayesema ni wa upande gani.)

Nimepanga kwa kuangalia mambo matatu: itaendelea umeme ukikatika, itakula forfe (kifurushi cha intaneti) kiasi gani, na baada ya wiki ya kwanza bado inakufundisha kitu. Uzuri wa picha sikuuhesabu.

Kabla hujatoa hata faranga moja

Fungua openScope. Ni ya bure, inaendeshwa ndani ya kivinjari, haisakinishwi. Unaona rada, ndege zikiwa nukta zenye majina, na chini kuna mstari wa kuandikia amri. Unaandika jina la ndege, kisha fh 180 ili igeuke kuelekea kusini, au d 50 ishuke hadi futi 5,000, kwa sababu mwinuko huandikwa kwa mamia ya futi. Mwisho kuna i na namba ya njia ya kutua, nayo inajiingiza yenyewe kwenye ILS, mawimbi ya redio yanayoielekeza ndege hadi kwenye njia ya kutua.

Ukikaa nayo jioni mbili utajijua. Kuna watu wanagundua kwamba walichokipenda ni ndege, wala si kuziongoza, na hao nawashauri wakatafute programu ya urubani. Hasara haipo.

Nafasi ya kwanza: Endless ATC

Hii ndiyo ningemnunulia mdogo wangu. Ipo ya kompyuta kwenye Steam, duka la programu la mtandaoni, na ipo ya simu, na kwenye Android kuna toleo dogo la bure la kujaribia. Mashine ya zamani inaibeba bila kupumua kwa nguvu, na ikishasakinishwa haikuombi intaneti. Umeme ukikatika saa moja jioni, nyumba nzima ikaingia giza, wewe unaendelea kwa betri na rada yako nyeusi ambayo nayo haili chaji sana.

Kazi unayofanya ni ile ya mwongoza ndege wa ukaribiaji, ambaye haoni dirisha lolote, ana rada tu. Unapokea ndege kutoka pande zote, unazishusha, unazipunguza mwendo, unazipanga foleni moja na kuzikabidhi kwa mnara. Kanuni ni fupi: kati ya ndege mbili kuwe na maili 3 za baharini, au futi 1,000 kwenda juu. Ukifanya vizuri, programu inakuletea ndege zaidi. Ukiharibu, inapunguza. Hakuna ngazi wala zawadi, ila kuna ule mzigo unaoongezeka polepole hadi unajikuta umesimama mbele ya skrini.

Kosa la kila anayeanza ni lile lile: kuileta ndege ikiwa juu mno. Mteremko wa ILS kwa kawaida ni nyuzi 3, yaani kama futi 300 kwa kila maili. Ndege inapaswa kukutana na mteremko huo ikitokea chini yake, na iingie kwenye mstari wa njia kwa pembe isiyozidi nyuzi 30, la sivyo itaupita na utaanza kuifukuza. Ikiwa maili 10 kutoka uwanjani, iwe futi 3,000 juu ya ardhi. Juu ya ardhi, si juu ya bahari. Hapo ndipo Luano, uwanja wetu wa Lubumbashi, ilinifundisha.

Toleo la kompyuta linakuruhusu kuchora anga lako mwenyewe kwenye faili la maandishi, nami nikachora Luano yetu na njia yake moja, 07/25. Nilikuwa nimezoea namba za Schiphol, Amsterdam, uwanja ulio chini kidogo ya usawa wa bahari, ambako futi 3,000 ni futi 3,000 kweli. Luano iko zaidi ya futi 4,000 juu ya bahari. Ile ndege ya maili 10 inatakiwa isome zaidi ya futi 7,000 kwenye kipimo chake. Siku ya kwanza niliishusha Ethiopian hadi 3,000 kwa mazoea. Kwenye skrini hakuna kilichotokea, programu haina vichuguu wala miti ya miyombo, lakini mimi nilijua nimeipeleka wapi. Nilizima mashine nikaenda kunywa maji.

Njia moja kwa ndege zinazotua na zinazoruka ina utamu wake pia. Lazima uache pengo katika foleni ili nyingine iondoke, na pengo hilo ulitengeneze dakika kumi kabla halijahitajika.

Kuhusu malipo: utahitaji kadi ya Visa au Mastercard, hata ile ya kulipia kwanza, kwa sababu Steam haijali una salio gani kwenye simu. Usifanye nilivyofanya mimi, nikamlipa kijana mmoja wa mjini aniuzishie akaunti iliyokwisha kujaa programu. Wiki tatu baadaye neno la siri likabadilika, na namba ya simu ya kijana ikawa haipatikani. Ukinunua mwenyewe una haki ya kurudishiwa pesa ndani ya siku 14, mradi hujatumia programu zaidi ya saa 2. Zitumie saa hizo mbili vizuri. Usiziache zikapita huku programu iko wazi na wewe umeitwa kula bukari.

Nafasi ya pili: VATSIM au IVAO

Hapa hununui programu, unanunua forfe. Mitandao hii miwili ni ya bure na ya siku nyingi, IVAO tangu 1998 na VATSIM tangu 2001. Wanaorusha ndege ni watu halisi, kila mmoja kwake na programu yake ya urubani, na wewe unaongea nao kwa sauti. Kwenye VATSIM waongoza ndege wengi hutumia EuroScope, inayotaka Windows. IVAO wana yao inayoitwa Aurora. Zote mbili ni nyepesi, na sauti hazili mega kama video.

Mbona basi sikuiweka ya kwanza? Kwa sababu huruhusiwi kukaa kwenye kiti siku unayojiandikisha. Unaanza kama mtazamaji, unasoma, unafunzwa, unafanya mtihani. Kwenye VATSIM daraja la S1 ni la kuongoza ndege zikiwa chini, S2 ni mnara, S3 ni ukaribiaji, C1 ni anga la njia kuu. Watu hutumia miezi. Na intaneti ikikatika ukiwa na ndege sita hewani, marubani sita wanabaki wanakuita. Mtandao wako usipokuwa wa kutegemewa, ni heri kuendelea kutazama tu, na hata kutazama kunafundisha mno.

Jambo la pili ni kwamba anga la Kongo huko mara nyingi ni tupu. Wachezaji wengi wako Ulaya na Marekani. Ratiba zote zimeandikwa kwa saa za Zulu, yaani UTC, na sisi Lubumbashi tumetangulia kwa saa mbili, tofauti na ndugu zetu wa Kinshasa waliotangulia kwa moja. Jioni yenye shughuli Ulaya, 1800 hadi 2100 Zulu, kwetu ni kuanzia saa mbili hadi saa tano usiku. Chaji mashine mchana.

Lugha ni Kiingereza. Wengi wetu tulisoma kwa Kifaransa, na hilo linaogopesha kuliko inavyostahili, maana maneno ya kazi hii ni machache na hayabadiliki. Ukijua kama misemo sitini na herufi kuanzia Alpha hadi Zulu, unaweza kufanya kazi usiku kucha bila kujua kuagiza chai kwa Kiingereza.

Nafasi ya tatu: Tower!3D Pro

Ndiyo ile ya kwenye video, au jamaa yake wa karibu. Unaona uwanja, unaona magurudumu yakigusa lami, na unatoa amri kwa sauti. Ni nzuri kweli. Ila isome bei yake mara mbili. Viwanja vingi vinauzwa kimoja kimoja, na ratiba halisi pamoja na rangi halisi za mashirika ni nyongeza nyingine za kulipia. Unajikuta umenunua nyumba, kisha mlango, kisha ufunguo.

Usikivu wa sauti unategemea Windows. Mashine yenye Windows ya Kifaransa peke yake haitakuelewa mpaka uongeze Kiingereza, na hata hapo itakulazimisha utamke kama mtangazaji. Unaweza kubonyeza amri kwa kipanya badala yake, lakini utakuwa umelipia mdomo na kutumia mkono.

Tower! Simulator 3 iliyotoka 2023 ni mdogo wake mzito zaidi. Usiitazame kama mashine yako haina kadi ya picha ya kueleweka.

Kwa vijana wa Kasapa, pale chuo kikuu, wanaosoma informatiki, ATC-pie nayo ipo: ya bure, imeandikwa kwa Python, inaendeshwa kwenye Linux, na inaunganishwa na mtandao wa FlightGear, programu ya bure ya urubani, au kutumika peke yako. Kuisakinisha ni somo tosha.

Hakuna hata moja kati ya hizi itakayokupa kazi mnarani. Waongoza ndege wa RVA, shirika la serikali linalosimamia anga la Kongo, wanapita mafunzo yao na vipimo vyao, pamoja na Kiingereza cha daraja la 4 la ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga.

Spika za masikioni

Nunua zenye waya na za USB, maana tundu la sauti kwenye laptopu ya mtumba ndilo la kwanza kulegea. Usinunue ikiwa ndani ya boksi. Mwombe mwenye duka uichomeke kwenye mashine yako, ujirekodi ukihesabu kwa namna ya redio, "tree" (3), "fife" (5), "niner" (9), kisha ujisikilize palepale huku pikipiki zikipita nje. Usipoweza kutofautisha "fife" na "niner" yako mwenyewe, mrudishie.